Kisima cha Mfaume na Mvuvi wa Mbu

Mwanamume wa kwanza niliyemwona akivua mbu alikuwa Projestus, na nilicheka mpaka mtungi ukanidondoka kichwani ukavunjika. Alikuwa amechutama kando ya madimbwi yaliyochimbwa na kwato za ng'ombe, kule Kinondoni inakoteremkia bonde la Msimbazi. Kaptula yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi ikasimama, soksi amezivuta mpaka magotini, na mkononi ameshika upawa mweupe wa chuma wenye mpini mrefu. Anachota maji, anayatazama kama mtu anayechagua mchele, anaandika kitu katika daftari, anayamwaga, anachota tena. Nikamuuliza, "We kaka, umepoteza nini humo?" Akainuka, akavua kofia, akasema, "Shikamoo mama. Natafuta watoto wa mbu."

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimeachika mara mbili, na sikuwa na haja ya shikamoo ya mtu mwenye ndevu. Nikarudi nyumbani na vigae vya mtungi, nikamwambia dada yangu Tunu kwamba Waingereza wameishiwa na kazi, sasa wanamwajiri mtu mzima kuvua mbu. Jina la Mvuvi wa Mbu lilitoka kinywani mwangu siku hiyo, likamganda.

Haikupita hata mwezi, mvuvi mwenyewe akaja kupanga chumba cha uani kwetu. Huo ulikuwa mwaka 1937.

Tunu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mumewe alikwisha kufa, akamwachia binti mmoja, Somoe, wa miaka minne. Mimi mdogo wake nilikaa hapo kwa sababu sikuwa na kwingine. Tunu mpole, ana ibada, humsikiliza mtu mpaka amalize. Mimi simsikilizi mtu. Majirani walikuwa wakisema Mungu alipogawa subira katika nyumba ya Mzee Mfaume, Mwajabu alichelewa kuamka, na sijawahi kuwabishia.

Projestus alitoka Bukoba, kwenye migomba na ziwa, akasomeshwa na mapadri. Alimwacha huko mkewe, Kokushubila, na kila barua aliyompelekea ilisema atamleta Krismasi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mabonde, kutoka Mabibo mpaka kwetu, akichota maji na kuhesabu viluwiluwi. Palipo na viluwiluwi vya mbu aliandika, na siku ya pili watu wengine wa ofisi ya afya walikuja na mafuta wakayamwaga juu ya maji. Basi, kazi imekwisha. Hakuajiriwa kusema neno na watu, aliajiriwa kuhesabu tu. Lakini yule bwana alipenda kufundisha kuliko kula.

Na kula kwenyewe! Mkewe alimtumia kopo la senene, wale panzi wa kijani ambao kwao hushuka kwa maelfu mvua za mwezi wa kumi na moja zinapoanza, wakafuata mwanga wa taa na mioto. Akatukaribisha kwa heshima zote. Tunu, kwa adabu yake, alitia mmoja mdomoni, akasema, "Ahsante, mtamu," akazunguka nyuma ya nyumba na hakurudi upesi. Mimi nikamwambia, "Kumbe huku unavua mbu, kwenu unavua panzi. Siku ukivua samaki changu utuite."

Jioni baada ya sala ya alasiri alikuwa akikaa barazani na karatasi zake za picha, alizopewa shuleni na padri. Zilikuwa na wanyama wa dunia nzima. Akatuonyesha ngamia, jua lote juu yake na maji hakuna, ndiyo maana akaumbwa vile, hata kope zake ndefu. Akatuonyesha chura wa msitu ambao mvua haikatiki na jua haligusi ardhi, na chura huyo hashuki mtini maisha yake yote. Akatuonyesha dubu mweupe wa nchi ambayo bahari huganda ikawa jiwe. Alikuwa akigonga picha kwa kidole, "Jua kiasi gani, maji kiasi gani. Nipe hivyo viwili tu, Bi Mwajabu, nami nitakuambia anayeishi hapo ni nani."

Alipotuambia kwamba kwa yule dubu jua likitoka halizami miezi mizima, nikamuuliza, "Sasa Waislamu wa huko wanafuturu saa ngapi?" Tunu akacheka hadi akajifunika kanga usoni. Projestus hakucheka. Alifikiri, akasema atamwandikia padri amuulize. Alikuwa hajui kutaniwa, masikini, na mimi ndiyo nikazidi.

Nilimwambia pia asituletee wanyama wa karatasi. Hapa hapa mabondeni yuko samaki ambaye maji yakikauka hujizika topeni, akangoja mvua miezi na miezi, na wanawake humchimba kwa jembe kama wanachimba muhogo. Projestus akaruka, karatasi zikamwagika. "Kwetu ziwani ni kamongo! Bi Mwajabu, yuko na huku?" Uso wake uling'aa kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Siku ile nilimpenda kidogo, ingawa sikumwonyesha.

Sasa niseme habari ya kisima. Baba yetu, Mzee Mfaume, alikichimba alipokuwa bado na nguvu, pale mteremko unapoanza. Kilikuwa kipana kama chumba, na ngazi za mawe ya matumbawe za kushukia mpaka kwenye maji, unainama, unachota kwa kata. Alitamka mbele ya watu msikitini kwamba ni wakfu, achote Mwislamu, achote Mkristo, achote mpita njia asiyejulikana. Kwetu sisi, kisima cha namna hiyo ni sadaka inayoendelea. Mtu anakufa, lakini kila anayeshusha kata anampelekea thawabu kaburini. Tunu aliliamini jambo hilo kama anavyoamini kwamba kesho kutakucha. Mimi pia naliamini, ila mimi huwa nasahau.

Baba alipanda mizambarau mitatu kukizunguka. Tulipokuwa wakubwa, matawi yalikuwa yamekutana juu ya maji, na chini yake palikuwa na giza la kijani na baridi hata saa saba mchana. Mnana walitundika viota vyao kule juu wakigombana kutwa. Kereng'ende wekundu walikaa kwenye ngazi. Na mvua zilipoanza, walikuja vyura wa rangi ya gome la mti, wakapanda kwenye tawi lililo juu ya maji, wakatoa povu jeupe likaning'inia pale kama povu la sabuni lililosahauliwa na mfuaji. Baada ya siku chache povu hulegea, na vitoto vyao vikadondoka majini, tap, tap, tap. Baba alitukataza kuligusa, na tulipomuuliza sababu alisema kila mwenye mtoto aachiwe alee.

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga, watu wa nyumba zinazokizunguka tulikuwa tukikisafisha kisima. Tunachota maji mpaka chini, tunatoa matope na majani, tunasugua ngazi, kisha tunamsomea baba fatiha na kula wali pamoja. Mwaka ule ilikuwa Jumapili, na Projestus hakwenda kazini. Tukamkaribisha. Akaja na soksi zake, akazunguka, akatikisa tawi moja la mzambarau, na mbu wakatoka chini ya majani kama vumbi la mkeka.

"Bi Tunu," akasema, "hapa ndipo wanapolala. Miti hii ndiyo nyumba yao. Kateni, jua liingie, muone kama watabaki."

Tunu akasita. "Baba kaipanda kwa mkono wake."

"Mbu hulipenda giza, Bi Tunu. Nimewahesabu mimi. Kukiwa na jua watakimbilia wapi?"

Hakutumwa na ofisi kusema hivyo. Ofisi ilimpa upawa na daftari basi. Maneno ya miti aliyatoa moyoni mwake, kwa nia njema, na nia njema ikikosea haina wa kuizuia. Lakini hata hivyo Tunu asingekubali, na ninajua asingekubali, kama nisingekuwepo mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikifagia majani yale kila asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa nikifua madoa ya zambarau kwenye kanga. Nikasema, "Baba kapanda zambarau tule, hakupanda nyumba ya wageni ya mbu!" Watu wakacheka, na walipokuwa bado wanacheka nikachukua shoka.

Tulikata siku mbili. Mti wa mwisho ulipoanguka, jua liliingia kisimani mara ya kwanza tangu utoto wangu, maji yakametameta mpaka tukakinga macho. Kila mtu alisema, ah, sasa pasafi. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Ramadhani ikaingia na mvua za vuli nyuma yake. Maji ya kisima yakawa vuguvugu. Ute wa kijani ukaanza pembeni, ukaota nywele ndefu. Mnana walikuwa wamekwisha kuhama. Alasiri moja ya mvua nilikwenda kuchota, nikawakuta vyura wawili wanazunguka visiki, wanapanda, wanashuka, wanapanda tena. Mwishowe waliweka povu lao juu ya jiwe la ngazi. Kesho yake saa sita lilikuwa limekauka kama ganda la mkate. Nililiona, nikapita na mtungi wangu, sikumwambia mtu.

Katikati ya mwezi, Somoe akashikwa na homa. Asubuhi alikuwa akicheza, adhuhuri anawaka kama jiko, na kabla ya alasiri degedege likamkamata, macho yakageuka yakawa meupe. Projestus ndio kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini. Alimnyakua mtoto mikononi mwa mama yake akatoka mbio, na sisi nyuma yake kanga zinatuanguka, mpaka hospitali mjini. Wakampa kwinini. Siku tisa Tunu alikaa chini kando ya kitanda kile, anafunga na anafuturu palepale kwa maji na tende. Siku ya kumi Somoe akaomba uji. Tuliporudi naye tukakuta watoto watano zaidi wa nyumba za jirani na kisima wamelala, wanatetemeka.

Habari ya wagonjwa wengi namna hiyo mahali pamoja ikafika ofisini, akaja bwana mkubwa wa afya mwenyewe, Mwingereza. Projestus siku hiyo alikuwa kwenye zamu yake Mabibo. Yule bwana akashuka ngazi za baba na viatu vyake, akachota upawa mmoja, akatuita tutazame. Viluwiluwi vilikuwa vimelala juu ya maji sambasamba kama vijiti, vingi mno. Akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Maji ya kunywa siwezi kuyamwagia mafuta. Kisima hiki kitafukiwa. Jumatatu utaletwa udongo."

Ilikuwa Jumatano. Alipoondoka, Tunu alikaa kwenye ngazi ya juu, mikono magotini. Nilizoea kumwona akilia, na safari hii hakulia. Akaniambia, "Mwajabu, watamzika baba mara ya pili. Na safari hii hata thawabu zake watazifukia."

Nikakaa kando yake, nikamshika mkono. Mimi!

Projestus aliporudi jioni tukamwambia. Akachukua upawa wake akateremka kisimani, nami nikamfuata nikasimama kwa juu. Akachota katikati, palipopigwa na jua kutwa, akahesabu kwa midomo: thelathini na kitu. Akachota kwingine, vilevile. Kisha akachota kwenye kona moja ya upande wa kibla, ambapo kisiki kimoja kilikuwa kimechipua machipukizi marefu yakafunika maji kiasi cha upana wa ungo. Akatazama. Akamwaga, akachota tena palepale. Mara sita nilimhesabia. Hapakuwa na hata kimoja.

Akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa kwa kurasa. Mwezi wa tano, kisima cha Mfaume, hakuna. Wa sita, hakuna. Wa saba, wa nane, wa tisa, hakuna, hakuna, hakuna. Alikaa chini kwenye ngazi yenye maji, na kaptula yake ile iliyopigwa pasi.

Tulikuwa tumetandika mkeka tunangoja adhana alipoingia uani. Akasimama mbele ya Tunu kama mtu aliyeitwa na hakimu.

"Bi Tunu, mie ndiye niliyemtia Somoe homa. Nilimfuata mbu anakolala, sikumfuata anakozalia. Yule wa homa hutaga kwenye maji yenye jua. Miti ile ndiyo iliyokuwa ikimfungia mlango, nami nikakwambia uikate."

Adhana ikalia. Tunu akafuturu kwa kikombe cha maji, taratibu, mpaka chini. Kisha akasema, "Ngamia ulimjulia jua lake. Dubu wa barafu ulimjulia jua lake. Kisima kilicho mlangoni pako, Projestus, ndicho hukukijulia."

Hakumwita Bwana Projestus, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimvunjia mtu heshima. Yule mtu aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka wazi wazi. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Shoka nilishika mie."

"Najua," akasema Tunu, "nilikuwepo." Akamsogezea Projestus tende. "Kaa ule. Mficha uchi hazai. Haya uliyoniambia mie, kuna mwingine anayepaswa kuyasikia kabla ya Jumatatu."

"Nikiyasema kule nitafukuzwa, Bi Tunu. Sikuajiriwa kuagiza watu. Na Kokushubila amekwisha kushona nguo za safari."

Tunu hakumjibu nenda, wala hakumjibu usiende. Alimmiminia uji.

Asubuhi alipiga pasi kaptula, akavuta soksi, akatoka. Nikamfuata mpaka mjini, hatua hamsini nyuma yake. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha hakimbii, lakini ukweli ni kwamba nilimwonea huruma nikaona aibu kumwacha aende peke yake. Nikasimama chini ya dirisha la ofisi. Nilimsikia akieleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na daftari akaliweka mezani. Hakunitaja. Hakusema habari ya mwanamke aliyeshika shoka na kuwachekesha watu. Nilitaka kuingia nikajitaja mwenyewe, miguu ikakataa, na mpaka leo ninaichukia ile miguu.

"Nani alikwambia uwaambie watu wakate miti?" bwana mkubwa akauliza.

"Hakuna, bwana. Nilijituma mwenyewe."

Kurasa zikafunguliwa kwa muda mrefu. "Hakuna, hakuna, hakuna," yule bwana akasoma polepole. "Kisha hii." Nikasikia daftari likifungwa. "Nawapa siku kumi na tano. Kifunikeni. Atakuja mtu mwingine kupima. Akikuta kiluwiluwi kimoja, udongo unaingia." Halafu akasema, "Na wewe, acha upawa hapa."

Nikasikia chuma kikiwekwa juu ya meza. Projestus akatoka, akaniona, hakushangaa. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Bi Mwajabu, makuti tutayapata wapi?"

Tulikuwa tumefunga, jua kali, koo kavu, na tulisuka makuti kama watu wanaoezekea nyumba ya bibi harusi. Majirani wote walikuja, hata wale ambao watoto wao walikuwa bado wamelala. Projestus alisimika nguzo, akafunga fito, akaezeka paa chini kabisa, ukishuka unainama kama unaingia bandani kwa kuku. Mimi niliingia majini mpaka kiunoni nikaung'oa ule ute wa kijani kwa mikono, kisha nikafukia kila alama ya kwato iliyoko jirani. Idi ikatukuta tuna matope kwenye kucha. Tulisali, tukala, tukarudi kisimani.

Siku ya kumi na tano akaja mtu mpya wa ofisi, anaitwa Sadallah, mtu wa Temeke, na upawa ni uleule wa Projestus, niliujua kwa pengo lake ukingoni. Projestus hakuruhusiwa kusogea, alisimama mbali juu ya mteremko. Sadallah akachota. Akasema atachota mara ishirini. Tunu alikuwa akihesabu kwa tasbihi. Mara ya kumi na saba Sadallah akasita, akauinua upawa karibu na jicho, na mimi nikaona kitu kinacheza ndani ya maji. Nilitaka kumsukuma yule mtu majini pamoja na upawa wake.

"Huyu si wa mbu," akasema. "Huyu mtoto wa kereng'ende." Akamrudisha, akachota mara tatu zilizobaki, akaandika neno moja katika daftari, akatuonyesha. Tunu hakujua kusoma. Nikamsomea: hakuna. Akaanguka kusujudu palepale kwenye udongo mbichi.

Tulipopika wali wa shukurani, Tunu alichota kata ya kwanza akampelekea Projestus kwa mkono wake. Yeye akaisukuma kwa adabu. Akasema, "Bi Tunu, mie nimewafukuza wenye kisima. Siku vyura watakaporudi kuweka povu lao, siku hiyo nitakunywa." Nikamwambia aache upumbavu, maji hayana kinyongo. Hakunisikia. Alikuwa hajui kutaniwa, kumbe alikuwa hajui kushawishiwa pia.

Akabaki chumba chake cha uani. Aliwaandikia watu barua kwa ujira, akapanda migomba pale maji ya kisima yanapomwagikia, na Krismasi ile hakuja mtu. Kokushubila alifika mwaka wa tatu, mwanamke mrefu mwenye sauti nene. Alipoelezwa kwa nini mumewe anakwenda na debe mpaka upande wa Magomeni kutafuta maji ya kunywa, na kisima kiko hatua thelathini kutoka mlangoni, akasema aliolewa na kisiki. Yeye mwenyewe alikunywa maji ya kisima chetu. Nami nilikunywa. Mimi niliyekata miti nilikunywa kila siku, na kila nilipomwona akipanda mteremko na lile debe begani nilisonya kwa hasira, na hasira zenyewe sikujua namkasirikia nani.

Alipanda mizambarau mitatu mipya mahali pa ile ya baba. Miche ilipopata kimo cha mtu, akatoa safu moja ya makuti. Ilipomzidi, akatoa nyingine. Kila Shaabani alikuja kusafisha na sisi, na kila mwezi alishuka na kata ya kifuu cha nazi, akachota, akahesabu, ingawa hakuna aliyemtuma. Vita vya Wazungu vikaja vikaisha. Mwaka wa tisa, mnana wa kwanza akaleta majani. Kereng'ende hawakuwahi kutoka. Vyura hakuna. Ndevu zake zikaanza kuwa nyeupe upande mmoja, na mimi nikaacha kumtania juu ya vyura, kwa sababu nilimkuta siku moja amesimama chini ya tawi, mvua inamnyeshea, anatazama juu kama mtu anayengoja kujibiwa.

Mwaka 1948, vuli, asubuhi baada ya mvua kubwa, nilishuka kuchota. Juu ya maji, kwenye tawi la upande wa kibla, palikuwa na povu jeupe kubwa kama bakuli. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilikaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto, mtungi mapajani.

Somoe ndiye aliyenikuta. Alikuwa na miaka kumi na mitano, amechumbiwa, anajiona mtu mzima. Alitazama juu, akaelewa. Akashuka mpaka chini, akajaza kata ya kisimani, akaibeba kwa mikono miwili akitembea polepole isimwagike, mpaka mlango wa uani.

"Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba." Projestus aliitazama kata, akamtazama aliyeishika.

"Wamerudi," Somoe akasema.

Hakuvaa hata viatu. Akateremka na fulana yake, kata mkononi, Kokushubila nyuma yake, Tunu nyuma yao anajitanda kanga. Akasimama chini ya tawi. Alilitazama lile povu muda mrefu, midomo inacheza kama anahesabu. Kisha akainua kata kwa mikono yote miwili, akanywa, akanywa mpaka chini, akafuta ndevu, akamwomba Somoe kata nyingine.